All Fours ya Miranda July: Riwaya Iliyowagawa Wasomaji

Kisa cha All Fours, riwaya ya Miranda July, mwandishi na mwongozaji wa filamu wa Kimarekani, iliyotoka Mei 2024, kikisimuliwa kwa ufupi huonekana upuuzi mtupu. Msanii wa miaka 45, mkaazi wa Los Angeles, anamuaga mumewe Harris na mtoto wao Sam kwamba anasafiri peke yake kwa gari hadi New York, yaani anavuka Marekani yote kutoka pwani moja hadi nyingine. Hafiki popote. Baada ya mwendo wa kama nusu saa anaiacha barabara kuu, anaingia katika mji wa Monrovia, anakodi chumba cha moteli, kisha anatumia dola 20,000 kukipamba upya chumba hicho ambacho si chake, huku akipiga simu nyumbani kusimulia safari asiyoifanya. Fedha zenyewe amezipata kwa kampuni ya wiski iliyonunua sentensi yake moja ili kuitumia katika tangazo. Anayelipwa kukipamba chumba ni Claire, na sababu ya mambo yote hayo ni mume wa Claire, kijana aitwaye Davey, mfanyakazi wa kampuni ya kukodisha magari ambaye pia ni mcheza dansi.

Riwaya hii iliingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya vitabu ya Marekani, National Book Award, ya mwaka 2024, na mwaka uliofuata ikaingia katika orodha fupi ya Women's Prize, tuzo ya Uingereza ya riwaya za wanawake. Hata hivyo, sifa hizo hazikuwapatanisha wasomaji. Wapo wanawake wa makamo walioisoma kama barua waliyoandikiwa wao binafsi, wakawanunulia dada na marafiki zao nakala, na wakakaa pamoja kuzungumza habari za ndoa zao kwa uwazi ambao hawakuwa nao kabla. Wapo pia walioifunga kabla ya kufika katikati, wakisema kuwa msimulizi wake ni mbinafsi aliyedekezwa, mwenye fedha za kuchezea na mume asiye na kosa lolote la kutajika. Ajabu ni kwamba pande zote mbili hunukuu kurasa zilezile.

Kwa maoni yangu, ugomvi huu hauhusu maadili kwa kiwango ambacho wagomvi wenyewe wanadhani. Unahusu mzaha. Mwandishi wa vichekesho kwa kawaida humkonyeza msomaji, ili ajue kwamba mhusika huyu ni wa kuchekwa na kwamba mwandishi mwenyewe amesimama upande wa wenye akili timamu. July hakonyezi kamwe. Mwanamke anayechagua kapeti na vigae vya chumba cha moteli kana kwamba anajenga kasri ameelezwa kwa uzito uleule ambao mwandishi mwingine angeutumia kueleza mazishi, na msomaji anaachwa aamue mwenyewe kama acheke, aone haya kwa niaba yake, au ajitambue. Asiyependa kuachwa peke yake namna hiyo hukasirika, na hasira hiyo huishia kwa mwandishi.

Mgawanyiko huu si mpya. Ulianza kuonekana mwaka 2005, filamu ya kwanza ndefu ya July, Me and You and Everyone We Know, iliposhinda, kwa pamoja na filamu nyingine, tuzo ya Caméra d'Or katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ambayo hutolewa kwa filamu ya kwanza ya mwongozaji. Wengine waliiona kazi ya mtu mwenye jicho la pekee, wengine wakaona ni mtu mzima anayejitia utoto. Mwaka 2011 alitoa The Future, ambamo sehemu ya masimulizi imepewa paka anayesubiri kuchukuliwa na watu wa kumlea, na sauti ya paka huyo ni ya July mwenyewe. Nakiri kwamba hapo hata mimi uvumilivu ulinipungua. Lakini kati ya filamu hizo mbili kulikuwa na mkusanyiko wa hadithi fupi, No One Belongs Here More Than You, uliopata tuzo ya hadithi fupi ya Frank O'Connor mwaka 2007, na humo ndimo ulimo utetezi bora zaidi wa mtindo wake. Katika hadithi iitwayo The Swim Team, mwanamke kijana anawafundisha wazee wachache kuogelea katika mji usio na bwawa wala mto. Wanajifunzia sakafuni, jikoni kwake, nyuso zimezamishwa katika mabakuli ya maji, mikono na miguu ikipiga hewa. Hakuna anayewacheka wazee hao, na kwa kuwa hachekwi mtu, hadithi hiyo ya kurasa chache inahuzunisha kuliko riwaya nyingi zilizokusudia kuhuzunisha.

All Fours imefika mbali zaidi kwa sababu safari hii kituko kimefungwa kwenye jambo ambalo halina kituko hata kidogo, yaani mwili wa mwanamke unaokaribia kukoma hedhi. Msimulizi anakwenda kwa daktari, anaelezwa kwamba ameanza kuingia katika kipindi hicho, kisha anatazama mchoro wa homoni za mwanamke na kuona mstari unaoporomoka ghafla kama ukingo wa jabali. Tangu ukurasa huo, yale yote ya moteli yanapata sababu. Mtu aliyeonekana mwendawazimu kumbe alikuwa akikimbizana na saa, na hofu yake ni kwamba hamu yenyewe itakwisha kabla hajaitumia. Anaanza kuwauliza wanawake waliomtangulia wamekutana na nini huko mbele, na majibu yao, mengine ya kutisha, mengine ya furaha isiyotarajiwa, ni kati ya kurasa bora kabisa za kitabu. Nilipozisoma niliwafikiria masomo na makungwi wa kwetu pwani, ambao mwali hupata kwao mafunzo ya kuingia utu uzima na ndoa. Sijawahi kusikia ngoma inayopigwa kwa ajili ya mlango wa kutokea, na huenda ndiyo sababu msomaji wa Mombasa au Tanga anaweza kukielewa kitabu hiki cha Kimarekani bila mkalimani wa utamaduni.

Kasoro zipo, na si ndogo. Nusu ya kwanza, ndani ya chumba kile, ina mvutano mkali kwa sababu msimulizi na Davey wanajizuia, na kujizuia kwao kunaandikwa kwa macho ya mtu wa filamu: mwendo wa mkono, mlango unaofungwa, dansi inayosema yale ambayo wahusika hawathubutu kuyasema. Akisharudi nyumbani, na yeye na Harris wakaanza kuipanga upya ndoa yao, hadithi inalegea. Mapenzi mapya yanaingia na kutoka upesi mno, na maelezo yanachukua nafasi ya matendo. Harris anabaki kivuli. Claire ametendewa vibaya zaidi, kwa kuwa amelipwa, amesifiwa kwa ufundi wake, kisha amewekwa kando kama fundi aliyemaliza kazi, ilhali ndiye mtu ambaye mimi nilitamani sana kumsikia. Wanaolalamika kuhusu fedha nao wana hoja, ingawa mwandishi anaijua hoja hiyo na kumfanya msimulizi aone haya mara kwa mara. Kuona haya, hata hivyo, hakukurudisha hata dola moja.

Mnunuzi ajue pia kwamba mambo ya faragha yameelezwa waziwazi, bila pazia. Toleo la sauti, ambalo July amelisoma mwenyewe kwa ustadi mkubwa, lisisikilizwe sebuleni wakwe wakiwepo. Kiingereza chake ni chepesi, sentensi nyingi ni fupi, na msomaji wa kiwango cha kawaida hatahitaji kamusi mara nyingi.

Aliyeipenda All Fours na akataka kuendelea, ningemshauri atazame filamu ya Kajillionaire ya mwaka 2020, inayohusu familia ya matapeli wadogo wa Los Angeles wanaoishi katika ofisi iliyopakana na kiwanda cha mapovu, ambako povu la waridi huvuja ukutani na lazima lizolewe kwa ndoo. Humo Evan Rachel Wood, akiigiza kama binti wa matapeli hao, amebeba mtindo wa July vizuri kuliko July alivyowahi kuubeba mwenyewe mbele ya kamera. Ambaye bado anasitasita kununua riwaya nzima atafute kwanza The Swim Team, ambayo haimalizi hata nusu saa. Akifika mwisho wake huku bado anauliza kama mwandishi alikuwa akitania, fedha yake aielekeze kwenye kitabu kingine.