Taa nane zinawaka, mtandao haupo: uzoefu wangu na fundi wa waya hapa Raskazone

Naanza na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo: fundi huyu msimpe kazi. Wenye nafasi wabaki, maana huko mbele kuna mahali nitalazimika kumsifu, na sitaki mtu aseme nimemwonea.

Kazi ilikuwa kuvuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta ya sebuleni mpaka chumba cha juu, umbali usiofika mita 30. Waya wa aina hii unaruhusiwa kwenda hadi mita 100, kwa hiyo urefu si kisingizio. Akavuta, akabana vichwa (plagi za plastiki za ncha za waya), akachomeka testa yake (kifaa cha kupimia waya), taa zikawaka kuanzia moja hadi nane, huku na kule kwa mpangilio. Akapokea hela yake. Waja leo waondoka leo, ndivyo tusemavyo Tanga, na huyu aliondoka kweli.

Vituko vikaanza siku hiyo hiyo. Kompyuta inaonyesha imeunganishwa kwa kasi ya gigabiti moja (megabiti 1000), baada ya muda inakata, inarudi kwa megabiti 100, inakata tena. Ujumbe wa WhatsApp unapita. Ukurasa mwepesi unafunguka. Mkutano wa video unaganda, na faili kubwa likifika katikati linakwama. Friji la jikoni likianza kunguruma, ndiyo kabisa.

Kumpigia simu, jibu lake hili hapa: "Dada, taa nane zote zimewaka. Unataka ya tisa?" Akacheka. Kisha akasema akirudi kuangalia ni hela nyingine.

Sasa tuzungumzie hizo taa nane, kwa sababu mafundi wengi wa mji huu wanaziapia na wateja wengi wanazikubali.

Testa ya bei nafuu inafanya jambo moja tu. Inapeleka umeme mdogo kwenye uzi wa kwanza, inauliza kama umefika upande wa pili kwenye pini ileile (kimeno cha chuma cha kichwa), kisha wa pili, wa tatu, hadi wa nane. Haiulizi uzi gani umesokotwa na upi. Na siri yote ya waya huu iko kwenye msokoto. Nyuzi nane zimesokotwa mbilimbili: chungwa, kijani, buluu, kahawia, kila moja na mwenzake mweupe mwenye mstari wa rangi hiyo. Ishara inasafiri kwenye uzi mmoja ikiwa chanya na kwenye mwenzake ikiwa hasi. Kelele za umeme kutoka nje zikija zinawagusa wote wawili sawasawa, na kifaa cha mwisho kinapima tofauti yao tu, kwa hiyo kelele inajifuta. Ukitenganisha wenza, hakuna kinachojifuta.

Mtandao unatumia pini 1 na 2 kama jozi, 4 na 5 jozi, 7 na 8 jozi, na iliyobaki ni 3 na 6. Tazama vizuri hiyo ya mwisho: imeruka. Inapita juu ya jozi ya 4 na 5. Hapo ndipo fundi asiyejua kwa nini anakamatwa, kwa sababu macho yanamwambia apange rangi kwa rangi: chungwa mbili, kijani mbili, buluu mbili, kahawia mbili. Inapendeza. Akifanya hivyo pande zote mbili, taa zitawaka moja hadi nane bila kosa hata moja, huku pini 3 ina uzi wa jozi ya kijani na pini 6 ina uzi wa jozi ya buluu. Ni sawa na mtu kutoka msikitini na ndala moja yake na nyingine ya jirani: ukihesabu miguu, yote imevaa.

Ndicho alichofanya. Vichwa hivi, viitwavyo RJ45, ni plastiki angavu, hauhitaji kifaa kuliona hilo. Shika kichwa, ulimi wa kufungia ukiwa upande wa chini, pini zikitazama juu na waya ukija kwako, usome kutoka kushoto. Mpangilio unaotumika sana, T568B, ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kwenye mpangilio huu, ukiona kijani na nyeupe-kijani wamekaa ubavu kwa ubavu, umeshampata mchawi. Buluu wawili lazima wawe katikati yao.

Na vituko vyote vinajieleza hapo. Megabiti 100 zinatumia jozi mbili tu, 1-2 na 3-6. Jozi ya 4-5 inakuwa kimya, kwa hiyo mchanganyiko unavumilika kwa kiasi. Gigabiti inatumia jozi zote nne kwa pamoja, na hapo ishara za 3-6 na 4-5 zinamwagiana, vifaa vinashindwa kuelewana, vinashuka kasi au vinaachana kabisa. Na friji? Alipitisha waya kwenye mfereji mmoja wa plastiki na waya wa umeme, mita kadhaa sambamba. Compressor (mota ya friji) ikiwaka inarusha mshtuko, na jozi iliyotenganishwa haina kinga. Waya wa mtandao ukae walau sentimita 20 mbali na wa umeme, na pale inapobidi kukutana, ikatizane kwa pembe mraba.

Kabla ya kukata chochote, pimeni, msibahatishe. Chukua waya mfupi ulionunuliwa ukiwa na vichwa vyake, chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye ruta. Ikikaa kwenye 1000 bila kutetereka, ruta na kompyuta ni wazima. Badilisha tundu la ruta pia, maana matundu hufa moja moja, hasa baada ya radi za masika. Kisha rudi kwenye waya unaoutuhumu na uipigie ruta kwa vifurushi vidogo (vipande vya data, si bando), halafu vikubwa. Kwenye Windows, andika kwenye dirisha la amri (Command Prompt):

ping -n 100 192.168.1.1
ping -n 100 -l 1400 192.168.1.1

Badili hiyo anwani iwe ya ruta yako. Ya kwanza inapeleka baiti 32 tu kila mara, na waya mbovu mara nyingi unaipitisha. Ya pili inapeleka baiti 1400, na kifurushi kirefu kina nafasi zaidi ya kuharibika njiani. Hapa ya kwanza ilipita karibu yote, ya pili ikadondosha ovyo. Ndiyo maana WhatsApp ilipita na video ikafa. Ukiandika netstat -e kabla na baada, angalia safu ya makosa: ikipanda, tatizo liko kwenye waya au vichwa, wala usimpigie mtoa huduma wa intaneti. Kama kompyuta imejipa anwani inayoanza na 169.254, hapo haikupata anwani kutoka kwa ruta.

Sasa nije kwenye dhambi yake ya pili, inayoniudhi karibu kuliko ile ya kwanza. Kwa simu alishauri niingie kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao nifunge kasi kwenye 100, dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja), "itatulia yenyewe". Haitulii. Ukifunga upande mmoja, kadi inaacha kujadiliana. Ruta iliyobaki kwenye mpango wa kujichagulia inatambua kasi lakini haiwezi kutambua dupleksi, kwa hiyo inachagua nusu dupleksi, yaani kutuma na kupokea kwa zamu. Mmoja anaongea na kusikiliza kwa wakati mmoja, mwenzake anadhani ni zamu yake, wanagongana, na kasi inaanguka chini ya hata ile mbovu ya mwanzo. Acheni pande zote zijichagulie, au fungeni zote mbili. Anayempa mteja ushauri huo kwa simu huku akicheka, sijui nimwiteje.

Haya, sifa. Waya wenyewe aliouleta ni mzuri, na hili nililikagua nikitamani kumkuta na hatia. Siku hizi maduka yamejaa waya ulioandikwa Cat 6 (daraja la waya wa mtandao) ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza uzi kwa wembe: shaba ni nyekundu hadi ndani, alumini inatoa rangi ya fedha. Ile ya alumini ina ukinzani unaozidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, inakatika ukiikunja mara chache, na kamera inayopata umeme kupitia waya wa mtandao inaanza kuzimika usiku taa zake za kuonea gizani zikiwaka. Huyu alileta shaba tupu. Ukutani amepitisha kwa usafi, kona hazikukunjwa kwa ukali, na pale waya unapoingia kutoka nje ameuacha ushuke chini ya tundu kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondoke yasifuate waya hadi ndani. Wengi hawalijui hilo. Kwa hiyo, kwa kuvuta waya tu, ningemwita tena. Labda.

Marekebisho hayahitaji kubomoa. Kata vichwa vyote viwili. Menya ganda kama sentimita tatu, angalia wembe usiguse nyuzi. Fungua msokoto kidogo uwezavyo, usizidi milimita 13 kutoka kwenye pini. Hapa napo alikuwa amefungua karibu sentimita tano, ganda likabaki nje ya kichwa. Panga T568B, nyoosha, kata ncha zilingane, sukuma mpaka uone shaba imegonga mbele ya plastiki na ganda limeingia chini ya kabari ya kichwa. Ganda likibaki nje, kila mvuto unaenda kwenye nyuzi. Ndipo ubane, kwa koleo lake, si bisibisi. Na dukani useme unataka vichwa vya waya mgumu, ule wenye uzi mmoja mnene, kwa sababu meno yake yanaukumbatia uzi, wakati ya waya laini yanauchoma katikati. Nunua vya ziada. Ni rahisi na cha kwanza huharibika.

Baada ya hapo ikakaa 1000, vifurushi vya baiti 1400 vikapita vyote, netstat ikatulia. Friji linanguruma, hakuna anayejali, ingawa bado nataka ule waya utoke kwenye mfereji wa umeme.

Wa mwambao, kimoja zaidi: upepo wa chumvi unakula pini zenye dhahabu nyembamba. Zikianza ukijani, mtandao unakatika asubuhi zenye unyevu na kurudi jua likiwaka. Spiriti safi ya alkoholi inaondoa uchafu, lakini kichwa kilichoanza kuliwa ukikate tu. Na waya wa nje uwe wenye ganda jeusi la kuhimili jua. Ule wa kijivu wa ndani unapasuka.

Nyota? Nilikusudia moja. Shaba halisi na ule mteremko wa kuzuia mvua vinastahili tatu, sitamdhulumu mtu kazi yake. Nikaandika tatu. Kisha nikakumbuka alitaka kulipwa nauli na ufundi kuja kukagua vichwa alivyovibana yeye mwenyewe. Mbili.