Kalibu ya alumini ya kumiminia chubwi: matundu matatu mazuri, moja la kuchongwa upya

Kalibu hii ya kumiminia chubwi, yaani risasi za kuzamishia mshipi, ni vipande viwili vya alumini, kila kimoja unene wa milimita 25, vyenye matundu manne: pea ya gramu 60, kidole cha gramu 100, yai la gramu 40 na piramidi ya gramu 120. Zinachongwa kwenye karakana za Gerezani, Dar es Salaam, hazina jina wala karatasi ya maelekezo, na bei ni ya kuelewana. Ukichukua mbili inashuka. Kwa mvuvi wa mshipi anayeacha chubwi kwenye matumbawe ya visiwa vya Mbudya na Bongoyo kila akitoka, kalibu hii inalipa. Ila usitegemee kuitoa kwenye mfuko na kumimina siku hiyohiyo. Njia za hewa hazijachongwa kabisa, na piramidi imekosewa.

Kabla ya kutoa hela, pima. Nenda na bomba la sindano la mililita 5 na maji kidogo. Laza kipande kimoja pasipo mwinamo, jaza nusu-tundu mpaka ukingoni, zidisha mililita kwa 2, halafu kwa 11.3, maana mililita moja ya risasi ina uzito wa gramu 11.3. Hapo umepata gramu. Nusu ya kidole inatakiwa kula mililita 4.4 hivi. Kipande kimoja kikila 4.4 na mwenzake 3.8, havikulingana, na chubwi itatoka na ngazi katikati. Kisha vifunge uelekeze juani: ukiona mwanga unapenya kwenye maungio, iache kalibu hapohapo mezani. Mwanya huo ndio unaozaa mapezi ya risasi pembeni, na kuyakata kwa tupa ni kujitengenezea vumbi la sumu.

Tatizo la hewa linatibika nyumbani. Risasi ikiingia, hewa iliyomo tunduni lazima ipate pa kutokea, la sivyo ncha ya pea inatoka butu na kidole kinakuwa na shimo ubavuni. Chukua sindano nene ya kushonea magunia, kwaruza mistari mitatu minne kutoka ukingo wa tundu hadi nje ya kalibu, kwenye uso wa maungio. Kina kiwe kama unene wa karatasi, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita. Hewa inapita, risasi haipiti. Ukizidisha kina, umejichongea mapezi mwenyewe.

Shimo la kumiminia la yai nalo ni jembamba mno. Risasi inaganda shingoni kabla tumbo halijajaa. Lipanue lifike milimita 6, mdomo wake uwe kama faneli, na ukimimina acha kidimbwi kidogo juu. Risasi inasinyaa inapoganda, kwa hiyo inanyonya kutoka kwenye kidimbwi hicho. Bila hicho utaona kitovu kilichobonyea. Tundu la katikati la yai linatengenezwa kwa spoki ya baiskeli ya milimita 2, iliyofukizwa masizi na kuchomolewa kwa koleo wakati chubwi bado ni ya moto. Ukisubiri ipoe, utahangaika nayo.

Sasa piramidi. Fundi amegawa tundu sambamba na nyuso zake, kwa hiyo kwenye kila nusu kuta mbili zimesimama wima na hazina mteremko wa kuachia. Chubwi inang'ang'ania, watu wanaichokonoa kwa bisibisi, na alumini ni laini, inachubuka. Kuanzia hapo kila chubwi inazidi kung'ang'ania. Piramidi inatakiwa igawanywe kona kwa kona, ili kila nusu iwe kama mfereji wa V. Hili halitibiki kwa tupa. Bora uliache tundu hilo, au umrudishie fundi akuchongee upya kwenye kipande kingine. Ni hasara, maana kwenye mchanga, maji ya bamvua (yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) yanapokwenda kasi, piramidi ndiyo inayoshika chini. Kwenye mawe ni kinyume: pembe zake zinajichomeka kwenye nyufa, na hapo kidole, chembamba na kirefu, kinatoka kirahisi zaidi.

Kwa kitanzi cha juu, waya wa shaba wa kebo ya umeme ya milimita za mraba 2.5 unatosha, unene wake ni milimita 1.78. Mkia wake ukunje kama ndoana ndani ya tundu. Mkia ulionyooka unachomoka siku utakapopata samaki mwenye nguvu kama kolekole.

Kalibu yenyewe inataka ifukizwe masizi ya kibatari, utando mwembamba tu, na ipashwe joto pembeni mwa jiko kabla ya kumimina. Chubwi mbili tatu za mwanzo zitatoka na mikunjo kama ngozi ya tende. Hiyo ni baridi ya kalibu, zirudishe chunguni. Zikianza kutoka na uso wa kijivu uliofifia kama umepigwa msasa, sasa joto limezidi, ipumzishe. Zenye kung'aa na kingo kamili ndizo zenyewe. Vishikio vya kalibu hii ni nondo tupu, vinaunguza, vivalishe mti.

Risasi safi inayeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, na ya kumimina iwe kati ya 370 na 400. Mkaa ukipulizwa unaweza kupita nyuzi 660, na hapo alumini inayeyuka. Kwa hiyo sufuria ya kawaida ya jikoni, ya alumini, haifai hata kidogo: inalegea mapema, na kilo kadhaa za risasi ya moto zikitokea kitakoni hakuna wa kuzizuia. Tumia chungu cha chuma chenye kitako kipana, juu ya jiko la gesi la chini. Lile linalokaa juu ya mtungi wa kilo 6 linayumba, usilitumie.

Malighafi ya bei nafuu ni vipande vya kubalansi tairi kutoka gereji. Vina antimoni (metali inayochanganywa na risasi), ni vigumu kuliko risasi safi na vyepesi kidogo, hivyo kidole cha 100 kitapima pungufu kwa gramu chache. Siku hizi vingine ni vya zinki, na zinki kidogo tu inafanya mchanganyiko wote uwe mzito kama uji na usijaze kona. Zinki inayeyuka kwa nyuzi 419, kwa hiyo ukikaa chini ya 400 vipande vyake vinaelea pamoja na klipu za chuma. Viopoe kwa upawa. Kisha tupia kipande cha nta ya mshumaa, koroga, ondoa taka za juu. Nta itawaka moto, usiiinamie. Betri za gari usizivunje kabisa. Mbali na asidi, sahani zake zina chumvi za risasi na madini mengine yanayoweza kutoa gesi za sumu.

Maji ndiyo adui mkubwa, hasa msimu wa masika ambapo kila kitu Dar kina unyevu. Tone moja likizama chini ya risasi linageuka mvuke ghafla na kuirusha yote usoni. Kila unachoongeza, hata upawa, kipashwe joto kwanza. Ile kalibu uliyoipima kwa maji, ikaushe juu ya jiko. Fanyia kazi nje, upepo ukikupiga mgongoni, ukiwa na miwani, viatu vilivyofungwa na suruali ndefu. Watoto na mama mjamzito wasikaribie, sakafu isifagiliwe kavu bali ipanguswe kwa kitambaa kibichi baada ya chungu kupoa, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Taka za juu ni unga wa sumu: ziweke kwenye kopo lenye mfuniko.

Ukienda kuagiza yako, mpe fundi maagizo matatu kabla hajaanza: piramidi igawanywe kona kwa kona, pini za kulinganisha ziwe mbili za chuma na zenye unene tofauti ili kalibu isifungwe kinyume, na nafasi ya yai iwe kidole cha pili, cha gramu 150, kwa maji ya bamvua.