Miezi mitatu na vinegre, ndimu na majivu jikoni kwangu Goma

Nilianza kusafisha nyumba kwa vitu hivi kwa sababu ya birika. Hapa kwetu maji ni ya ziwa. Yatoke bombani au yaje kwa bidoni ya lita 20 juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, ni Kivu ileile, na maji ya Kivu yana magadi na madini mengi. Ukichemsha kila siku, wiki hazipiti nyingi birika limeota gamba jeupe, gumu kama ganda la yai. Nilikuwa nalikwangua kwa kisu. Dawa ya dukani ya kuliondoa ipo, lakini kwa bei yake nanunua sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kula siku tatu.

Basi nikatia vinegre nyeupe, yaani siki, glasi moja na maji glasi moja, nikapasha moto, nikaacha nusu saa. Gamba likaanza kutoa vipovu vidogo vidogo, unavisikia ukiinamisha sikio. Nilipomwaga likatoka vipande vipande, chini pakabaki pang'avu. Nikasuuza mara mbili. Chai ya kwanza ilikuwa na uchachu kidogo, ya pili haikuwa na neno. Kwa kazi hiyo natoa kumi juu ya kumi.

Ushindi ule ukanilevya. Nilisikia kwamba vinegre ikichanganywa na bikarbonati, yale magadi ya kuokea, inakuwa na nguvu maradufu, nikachanganya zote kwenye chupa ya soda, nikafunga kizibo kwa nguvu, nikaweka kwenye rafu. Sikufika hata mlangoni. Chupa ilivimba, kizibo kikaruka hadi kwenye mabati, rafu nzima ikaoga. Kumbe lile povu ni hewa tu, ileile ya kwenye soda. Uchachu na magadi vinauana, na kinachobaki chupani ni karibu maji yenye chumvi. Nimeharibu vyote viwili kwa mkupuo mmoja! Sasa kila kimoja kina siku yake. Bikarbonati naitumia na kitambaa chenye maji kwenye meza yenye mafuta ya kukaanga, na inakula mafuta vizuri bila kukwaruza. Vinegre iliyopunguzwa kwa maji nafutia vioo vya madirisha, ambavyo vumbi letu jeusi la volkano halivipi nafasi.

Sufuria ni habari nyingine. Zangu ni za alumini. Siku bei ya makala, yaani mkaa, ikipanda tunapikia kuni, na masizi yanashika nje kama lami. Hapo majivu yaliyochekechwa, kitambaa kibichi na mkono wenye hasira yanatosha, ila suuza upesi, usiyaache yakae. Ndani nilijaribu kuchemsha bikarbonati, sufuria ikageuka nyeusi. Nilitaka kulia. Nikachemsha maji na maganda ya ndimu mbili, weusi ukatoka. Tangu hapo maganda ya ndimu hayatupwi nyumbani kwangu.

Sakafu sitasahau. Ni ya saruji, na mimi nikaipigia deki kwa vinegre ili harufu ya samaki itoke. Baada ya wiki mbili karibu na jiko pakawa na unga unga, saruji inachubuka.

"Mwanangu, hapa umemwaga nini?" mama mkwe akaniuliza, ananyoosha kidole.

"Vinegre, mama."

"Na saladi je, unatia nini?"

Nikarudi kwenye sabuni ya kipande.

Chooni sikuhama, javeli, ile dawa ya klorini, inabaki. Mama mkwe alikuwa hapa 1994 kipindupindu kilipoua watu kwa maelfu kwenye kambi za wakimbizi wa Rwanda, na kwake mtu anayesafisha choo cha mgonjwa kwa ndimu ni mtu wa kuombewa. Namkubalia kabisa. Vinegre inaondoa alama za maji kwenye bakuli la choo, vijidudu ni kazi ya javeli. Na msizikutanishe hizo mbili, hata kwa bahati mbaya: zinatoa gesi inayokaba koo na kuchoma macho. Mimi naziweka kwenye rafu tofauti, na kwenye chupa ya javeli nimefunga kitambaa chekundu kwa ajili ya watoto.

Kwa mfuko, chupa moja ya vinegre inanifikisha mwezi na siku kadhaa, ndimu natumia zile zilizokwisha kukamuliwa, majivu ni ya bure. Harufu ndiyo lalamiko langu. Nyumba inanukia kachumbari mpaka saa sita mchana, na mume wangu ameomba nisafishe madirisha akiwa kazini.

Jana mama mkwe amenitumia birika lake, ndani ni jeupe tupu, bila salamu wala maelezo.