Muziki wa kupigia hesabu: Lofi Girl, Spotify na myNoise kwenye mizani

Huduma ya muziki ikisifiwa kwamba inasaidia kusoma, ulizeni kwanza: kusoma nini? Anayepiga hesabu ana vitu kichwani vinavyoweza kudondoka wakati wowote: 7 ya kubeba, alama ya kutoa iliyovuka upande wa pili, mabano ambayo bado hayajafungwa. Vitu hivyo hushikwa na sauti ya ndani ya kujisemea, na mwimbaji hugombania nafasi hiyohiyo. Mwaka 1989 watafiti Salamé na Baddeley walionyesha kuwa kukumbuka mfululizo wa tarakimu huvurugika zaidi penye muziki wa kuimbwa kuliko penye ala tupu. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hapa si utamu. Ni swali hili: je, kuna mtu atakayefungua mdomo?

Lofi Girl, chaneli ya YouTube kutoka Ufaransa, inafaulu kipimo hicho vizuri. Inarusha muziki moja kwa moja saa 24: midundo ya taratibu, mara nyingi kati ya mapigo 70 na 90 kwa dakika, kinanda, mikwaruzo kama ya santuri, na uimbaji ni nadra. Ubora wake ni kwamba hakuna kinachotokea. Hakuna kiitikio cha kusubiri wala ngoma ya kukushtua, na kipande kimoja huingia kwenye kingine bila wewe kujua. Kwa kazi ya kurudiarudia (kufungua mabano, kurahisisha sehemu, maswali 20 ya kutafuta x) inatosha kabisa.

Tatizo ni chombo chenyewe. Bila YouTube Premium, ukizima skrini muziki unakata. Ukiiacha inawaka, betri inaliwa na macho yanavutwa na gumzo la watazamaji linalopanda bila kikomo. Video yenyewe ni picha ya msichana anayeandika, nayo haibadiliki sana, lakini bando linailipia kila sekunde. Shusha ubora hadi 144p na ulaze simu kifudifudi. Tena, Julai 2022 matangazo yale ya moja kwa moja ya Lofi Girl yaliyokuwa yameendelea kwa zaidi ya saa 20,000 yalizimwa kwa madai ya uongo ya hakimiliki. Uwe na akiba ya muziki kwenye simu.

Spotify, iliyofika Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, ina mpangilio bora zaidi ukiilipia, na ni mbaya zaidi kwa hesabu usipoilipia. Tangazo la biashara ni sauti ya mtu anayeongea, tena lugha unayoielewa, na linakuja katikati ya hatua ya tatu. Hapo hatua zote tatu zinaanza upya. Ukilipia, unapakua hadi nyimbo 10,000 kwa kifaa na kusikiliza bila intaneti, mradi uunganishe angalau mara moja kila siku 30. Bila kupakua, piga hesabu ya bando mwenyewe: ubora wa kilobiti 24 kwa sekunde hula takriban MB 11 kwa saa, 96 hula MB 43, na 160 hula MB 72. Kwa muziki wa nyuma ya hesabu, 96 hailalamikiwi.

Tengeneza orodha yako ya dakika 45, kisha zima uchezaji wa kujiendeleza kwenye mipangilio: kimya kikiingia, ni mapumziko, huna haja ya kutazama saa. Washa usawazishaji wa sauti ili wimbo mmoja usipige kelele kuliko mwingine. Usiamini orodha zenye jina la "kusomea" kabla ya kuzipitia zote, maana wimbo wa kuimbwa hujificha nambari ya 14 au 15. Orodha za Mozart za "kuongeza akili" ziruke: jaribio la mwaka 1993 lililozaa biashara hiyo liliwasikilizisha wanafunzi dakika 10 kabla ya maswali ya maumbo, wala si wakati wa kuyafanya, na athari ilidumu takriban robo saa.

Kwa anayetaka ladha ya nyumbani, bashraf za taarabu ya Unguja (vipande vya kufungulia onyesho) ni ala tupu na zinafaa sana, ila kata rekodi kabla mwimbaji hajaingia. Biti tupu za Bongo Fleva ni kamari: nyingi zimepachikwa jina la mtayarishaji linalotamkwa kila baada ya muda.

myNoise si muziki. Ni tovuti ya mvua, upepo na mivumo, na kila sauti ina vitelezo kumi vya kuchanganyia. Kwa mada mpya au uthibitisho usioujua, hii inashinda zote mbili, kwa kuwa haina mapigo ya kufuata. Punguza vitelezo vya masafa ya juu. Vikizidi, masikio huchoka mapema.

Sauti yoyote utakayochagua, ishushe hadi usikie kalamu ikikwaruza karatasi. Na mtihani wa Hisabati wa NECTA (baraza la mitihani la Tanzania) kidato cha nne ni saa 3 za kimya, kwa hiyo angalau karatasi moja ya zamani kila wiki ifanywe hedifoni zikiwa kwenye droo.