Kingamwili ya sungura ya kathepsini D: miezi minane ya kuitumia

Chupa ni ndogo, mikrolita 100 tu, na bei yake ilitufanya tujadiliane wiki nzima hapa maabarani kwetu Dar es Salaam kabla ya kuagiza. Namwandikia mwenzangu mwenye bajeti ya chupa moja, asiye na pa kuazima nyingine.

Ni poliklonali. Sungura amedungwa kathepsini D ya binadamu, kimeng'enya kinachovunja protini ndani ya seli, na kingamwili zikasafishwa kutoka kwenye seramu yake. Kwa hiyo chupani mna mchanganyiko wa kingamwili nyingi, kila moja ikishika sehemu yake ya protini. Kwa kimeng'enya hiki hiyo ni faida kubwa, kwa sababu kathepsini D hubadilika umbo. Huanza ikiwa ndefu, kama kilodaltoni 52 (kipimo cha uzito wa protini), na bado haifanyi kazi. Njiani kwenda kwenye lisosomu, kifuko chenye asidi ndani ya seli, hupunguzwa hadi 48. Ikishafika penye asidi hukatwa tena, ikawa vipande viwili, cha 34 na cha 14. Kingamwili inayotambua mahali pamoja tu inaweza kukuonyesha kipande kimoja ikakuficha vingine. Hii ilinitolea bendi (mistari) za 52, 48 na 34 kwenye utando mmoja, ule tunaohamishia protini zilizotenganishwa kwa uzito kwenye jeli, tangu siku ya kwanza, kwa seli za saratani za HeLa na za MCF-7. Cha 14 huonekana hafifu, na ukiacha jeli itembee sana kinatoka kabisa.

Karatasi ya mtengenezaji inasema uichanganye 1 kwa 1000. Mimi nimetulia kwenye 1 kwa 2000, protini mikrogramu 20 kwa kila kisima, maziwa ya unga asilimia 5, usiku kucha kwenye jokofu. Ukiizidisha, utando unakuwa mweusi na hupati chochote cha kusoma.

Bendi kukaa kwenye uzito unaotarajiwa hakukunitosha. Nilizimisha CTSD, jeni ya kathepsini D, kwa siRNA (kipande kifupi cha RNA kinachonyamazisha jeni), na bendi zote tatu zikafifia pamoja. Ile nyingine nyembamba karibu na 70 haikutikisika, kwa hiyo najua si yetu na siihesabu. Kisha nikazipa seli klorokwini. Ndiyo, ile ile tuliyomezeshwa utotoni kwa malaria, chungu, ikatuwasha mwili mzima, mpaka Tanzania ilipoacha kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka 2001. Klorokwini hupunguza asidi ndani ya lisosomu, na asidi ikipungua ukataji unakwama. Bendi ya 34 ilififia, ya 52 ikanenepa, na 52 hiyo nikaikuta hata kwenye maji ya kukuzia seli, ikiwa imemwagwa nje. Hapo ndipo nilipoiamini kingamwili hii kwa moyo wote. (Ukipima maji hayo, zikuze seli bila seramu kwa saa chache za mwisho. Albumini ya ng'ombe ni nyingi kiasi kwamba inaipindisha jeli nzima.)

Sasa nieleze mahali iliponigharimu, maana karatasi ya mtengenezaji haikunitahadharisha. Nilitaka kuivuta kathepsini D kutoka kwenye mchanganyiko wa seli kwa kutumia kingamwili hii, kisha niisome kwa kingamwili hiyo hiyo kwenye utando. Nikapata bendi nene, safi, karibu na 50. Nilifurahi, nikarudia, ikatoka tena. Wiki mbili zikapita kabla sijaweka kisima cha ulinganisho chenye kingamwili ya kawaida ya sungura asiyedungwa kitu. Bendi ikawepo vile vile. Ulikuwa mnyororo mzito wa kingamwili yenyewe, wenye kilodaltoni kama 50, ukishikwa na kingamwili ya pili ya mbuzi, ile ya kuonyesha bendi, inayotafuta chochote cha sungura. Unazifunika bendi za 48 na 52, mahali penyewe unapohitaji kutazama. Kwa kazi hiyo, vuta kwa kingamwili ya panya na usome kwa hii ya sungura, au tafuta kingamwili ya pili inayotambua mnyororo mwepesi pekee. Na kisima cha ulinganisho usikiache hata mara moja.

Chini ya hadubini ni nzuri, ukitoboa seli kwa saponini. Kwa kuwa ni ya sungura, unaiweka pamoja na kingamwili ya panya ya LAMP1, protini ya ukuta wa lisosomu, bila kugongana, na nukta zao zinalala mahali pamoja kama inavyotakiwa.

Kuhusu usafiri: mzigo wetu ulikaa siku tano ukisubiri kibali na barafu ikayeyuka yote. Kingamwili ilifanya kazi. Imewekwa kwenye gliserini nusu kwa nusu, kwa hiyo hata kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri haigandi, na umeme unapokatika hapo mtaani siogopi kama ninavyoogopa vimeng'enya vingine. Hata hivyo niliigawa kwenye vichupa vya mikrolita 10 siku ile ile.

Chupa ya pili ilikuja na namba tofauti ya toleo. Sungura mwingine, damu nyingine. Bendi ya 34 ilikuwa ile ile, lakini ya 48 ilififia karibu nusu kwa sampuli zile zile, na ile ya 70 ikaongezeka nguvu. Matokeo ya chupa mbili siwezi kuyaweka kwenye jedwali moja, kwa hiyo sampuli za wagonjwa wetu zote zilizobaki nimezisoma kwa vichupa vya toleo la kwanza. Kabla ya kuagiza ya tatu nimemwandikia muuzaji nikimwomba namba ya toleo lile la kwanza, na kama ipo, anitunzie chupa tatu. Nasubiri jibu lake.