Ramu ya kunywa kavu: chupa gani uanze nayo na ipi uiache dukani

Kila Desemba napokea meseji ileile, mtu yuko airport anaunganisha ndege, "nimeona ramu kama kumi hapa, nichukue ipi?", na ukifungua picha aliyotuma unakuta macho yake yashaganda kwenye ile chupa nene yenye kizibo cha mbao na kamba shingoni. Nimechoka kujibu mmojammoja, naandika mara moja hapa. Naongelea ramu ya Karibi, ile pombe kali ya miwa, iliyokaa pipani miaka mingi, ya kunywa kavu bila kuchanganya na kitu, taratibu jioni. Kama unataka ya kuchanganya na koka chukua yoyote ya bei poa, na kama haunywi kabisa basi tukutane kwenye mwongozo wa viatu.

Mimi mwenyewe nilishaliwa hela na chupa ya namna hiyo, jina silitaji, nzuri kweli kabatini, nilipofungua nikaonja nikajua hii ni sharubati yenye vanila, tone lililomwagika mezani lilikuwa linanata mpaka asubuhi. Ndo nikaanza kusoma lebo.

Lebo ina mitego miwili. Wa kwanza ni namba. Ramu ya Jamaica ikiandikwa 12 maana yake tone changa kuliko yote humo lina miaka 12, hapo hamna mjadala. Lakini zipo za mtindo wa solera, wanachanganya changa na kongwe pipa kwa pipa, halafu namba iliyoandikwa kubwa sio umri wa ile changa. Zacapa 23 kwa mfano (hiyo ni ya Guatemala lakini dukani wanaipanga humohumo) wenyewe wanasema ni mchanganyiko wa ramu za kuanzia miaka 6 mpaka 23. Sio siri, ila wewe uliyesimama na mabegi unasoma 23 unadhani unabeba mzee wa miaka 23, kumbe umebeba ukoo mzima na wajukuu.

Mtego wa pili ni sukari. Watu wanadhani ramu lazima iwe tamu kwa vile inatoka kwenye miwa, hapana, sukari haipandi na mvuke, kinachotoka kwenye mtambo wa kukenekea hakina sukari hata chembe. Ukionja utamu mzito wa asali ujue mtu kauweka baadaye. Jamaica hawaruhusu hiyo. Umoja wa Ulaya tangu 2021 wanaruhusu mpaka gramu 20 kwa lita, yaani chupa ya ml 700 inaweza kubeba gramu 14, kama vijiko vitatu vya chai, na bado ikaitwa ramu. Kujua ni rahisi, mwaga kijiko kimoja kwenye kisosa cheupe ukiache usiku kucha. Asubuhi pitisha kidole. Ramu safi inaacha alama kavu ya kahawia basi, iliyotiwa sukari inakuvuta kidole kama jamu.

Sasa kwa nini umri unauma mfukoni. Joto la kule linafanya pipa la mwaloni linywe na kutema haraka, na ramu inapotea kama mvuke, kama asilimia 6 kwa mwaka wakati Scotland whisky inapoteza kama 2. Piga hesabu, 6 kila mwaka kwa miaka 12, pipa limebaki chini ya nusu. Hicho kinachopotea wenyewe wanakiita fungu la malaika. Kwa hiyo akija mtu na ramu ya "miaka 30" bei ya sendozi, mwache aende zake.

Haya, twende kwenye chupa, kwa mpangilio wangu mimi.

Namba moja ni Appleton Estate 12 ya Jamaica, na sioni aibu kwamba ni chaguo la kawaida. Inatoka bonde la Nassau, ina kilevi asilimia 43, na kiwanda kinahesabu historia yake tangu 1749. Aliyekuwa anaichanganya ni Joy Spence, mwanakemia, alishika nafasi ya mchanganyaji mkuu 1997 na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho kwenye biashara hii ya vinywaji vikali. Ukinusa mwanzo unapata ganda la chungwa, halafu sukari guru, yaani ile harufu ya kipande kikivunjwa kwenye gazeti sokoni, halafu nyuma kabisa kuna kitu kama kokwa zilizokaangwa. Mdomoni ni kavu kuliko ulivyotegemea, na hapo ndo wengi wanashtuka wanasema mbona sio tamu. Subiri. Toti ya pili utanielewa. Naiweka juu kwa sababu inapatikana sehemu nyingi, umri wake hauna ujanja, na ukishaijua hii unakuwa na kipimo cha kupimia nyingine zote.

Namba mbili ni Doorly's 12 ya Barbados, na kuna siku naiweka ya kwanza, inategemea niliamkaje. Inatengenezwa kiwanda cha Foursquare kwa Richard Seale, huyu bwana ni mgomvi maarufu wa sukari na lebo za uongo kwenye ramu, na unakuta kinywaji chake kimetulia kuliko maneno yake. Imekaa kwenye mapipa yaliyokuwa na bourbon (whisky ya Marekani) na mengine yaliyokuwa na mvinyo wa Madeira. Tende, zabibu kavu, nazi kidogo, inateleza. Kama unamnunulia baba mkwe ambaye kazoea whisky mpe hii, haitamtisha. Chupa yake ni ya kawaida mno, haina kamba wala sanduku, ndo maana airport watu wanaipita.

Tatu, El Dorado 15 ya Guyana, na kama hela imebana chukua 12 yao. Kijiografia Guyana iko bara, Amerika ya Kusini, ila kwa ramu na kwa kriketi ni Karibi tu. Hawa wana kitu ambacho huwezi kukikuta kwingine, mitambo ya mbao! Mitungi ya kukenekea iliyoundwa kwa mbao ngumu za kule, ya Port Mourant na Versailles, na ule mtambo wa nguzo wa Enmore, yote walihamishia kiwanda cha Diamond baada ya mashamba mengine kufungwa. Harufu yake ni nzito, molasesi nyeusi (ule uji mzito unaobaki sukari ya miwa ikishatolewa), tumbaku, kashata ambayo mtu kaisahau jikoni ikaanza kuungua. Mbona sio ya kwanza? Kwa sababu wapenzi wa ramu waliopima wamekuta sukari imeongezwa, na ukiionja baada ya Doorly's unaihisi kabisa. Nainunua hivyohivyo. Ile mbao imenishinda.

Nne ni Mount Gay XO, Barbados tena. Nzuri, ina ndizi mbivu na moshi wa mbao, ila bei yake imepanda mpaka inakaa karibu na chupa ninazozipenda zaidi, na haina namba ya umri. Ikiwa kwenye ofa beba. Wanajivunia hati ya mwaka 1703, na hapa niseme kitu, hiyo 1703 na ile 1749 ya Jamaica wanazichapa kwa fahari lakini waliokata miwa na kuchemsha sukari miaka hiyo walikuwa watumwa kutoka Afrika, mpaka Waingereza walipofuta utumwa kwenye makoloni yao 1834. Sikuambii usinywe. Nasema mimi huwa nalikumbuka kila nikisoma lebo.

Tano Havana Club 7 ya Cuba. Ndo ya bei rahisi humu, huku Leeds naipata mara nyingi chini ya pauni 30, nyepesi, tumbaku na karameli, haina makeke. Ukiwa hujui kama ramu kavu ni kitu chako anzia hapa, ikikushinda haijauma sana. Angalizo kwa walioko Marekani, kwa ajili ya vikwazo ile ya Cuba haiuzwi huko, Havana Club utakayoikuta ni ya Bacardi inayotengenezwa Puerto Rico, ni kinywaji kingine kabisa.

Nje ya orodha kuna mbili za kusogelea baadaye. Za Martinique, mfano Clément au J.M, wale hawatumii molasesi, wanakamua juisi ya muwa mbichi na kuichachusha palepale, na tangu 1996 wana sheria yao ya kulinda jina na mahali kinywaji kinapotoka, kama mvinyo wa Ufaransa. Kama umewahi kusimama Forodhani jioni ukaangalia jamaa anapitisha muwa kwenye kile kinu na ndimu na tangawizi, ile harufu ya kijani ndo utaikuta chini ya ule mwaloni. Nyingine ni Hampden 8 ya Jamaica, asilimia 46, wanachachusha muda mrefu kwa hamira ya porini mpaka inanuka nanasi lililooza na rangi ya kucha. Naipenda sana. Usianze nayo, utanitukana.

Kunywa sasa. Shemeji yangu alikuja na glasi kubwa imejaa barafu, "Shem, koka iko wapi?" nikamwambia shem weka hiyo glasi chini kwanza. Chukua glasi ndogo ya mvinyo, iliyobana juu, mimina toti moja uiache dakika kumi, ile pombe kali ya juu iondoke. Usiizamishe pua kama unanusa mchuzi, ishike chini ya kidevu, fungua mdomo kidogo huku unanusa, polepole unaisogeza. Funda la kwanza ni la kuuzoesha ulimi, usilihukumu, litachoma. La pili ndo unalizungusha na kuliacha lishuke lenyewe. Kisha matone mawili ya maji, kwa kijiko sio kwa bomba, uone ilivyofunguka. Shem alikaa na toti moja nusu saa nzima, barafu yake ikawa maji pembeni.

Kwa mnaonunua nyumbani, chupa hizi ni za bei na feki zipo, angalia stempu ya kodi na uiskani, Tanzania kuna app ya TRA ya Hakiki Stempu na Kenya KRA wana Soma Label. Duka likikukataza kuskani rudisha chupa. Ukishafungua isimamishe wima mbali na jua, usiilaze kama mvinyo, pombe itakula kizibo, na ikibaki robo ihamishie kwenye chupa ndogo.

Na glasi usiioshe usiku huo. Iache mezani, asubuhi kabla ya chai inuse ikiwa tupu, pombe yote imeshaondoka imebaki mbao, tende na sukari guru. Shem alinusa ya kwake akaniuliza ile chupa imebaki kiasi gani.