Basic Pitch na Ilimba: Programu ya Kugeuza Sauti Kuwa Noti za MIDI

Basic Pitch ni programu ya bure iliyotolewa na kampuni ya Spotify mwaka 2022. Kazi yake ni kusikiliza muziki uliorekodiwa na kuuandika upya kuwa noti za MIDI, yaani maagizo ya kidijitali yanayoieleza kompyuta au kinanda ni noti ipi ipigwe na lini, ambazo mpangaji wa muziki anaweza kuzihariri, kuzipandisha au kuzipigisha kwa ala nyingine. Inafunguka kwenye kivinjari cha kawaida bila kusakinishwa. Nimeipima hapa Bagamoyo kwa ilimba, marimba ya vidole ya Wagogo ambayo hayati Hukwe Zawose aliifundisha mjini humu na kuipeleka duniani.

Watengenezaji wanaeleza kuwa programu hufanya vizuri zaidi inaposikiliza ala moja kwa wakati, na hilo lichukuliwe kwa uzito. Rekodi ya ngoma, kayamba na waimbaji kwa pamoja haifai, kwa kuwa programu inatafuta kimo cha sauti, yaani wembamba au unene wake, na kayamba haina kimo cha kutafutwa.

Ukishapakia faili, mipangilio ndiyo huamua kama utapata wimbo au vurugu. Ningemshauri mtu aanze na mipaka ya kimo, yaani sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa kwa hezi (idadi ya mitetemo kwa sekunde), kwa sababu ukishajua ala yako inaishia wapi, noti zote za uongo zilizo nje ya hapo huondoka kwa mkupuo. Kinachofuata ni kiwango cha uhakika, yaani programu iwe na hakika kiasi gani kabla ya kuandika noti, na hapa ndipo ilimba inaposumbua: vyuma vyake huvuma pamoja na sauti yenyewe, na mvumo huo unaweza kuandikwa kama noti za ziada, mara nyingi oktavu moja juu. Ukikaza kiwango hicho, noti hizo hupotea, lakini hupotea pia zile zilizopigwa kwa kidole chepesi. Mimi naona ni afadhali kukilegeza kidogo, kwa kuwa kufuta noti iliyozidi ni rahisi kuliko kubahatisha iliyokosekana. Urefu wa chini wa noti, unaopimwa kwa milisekunde, nao uwe mfupi kwa ala ya kudonoa ambayo sauti yake hufifia upesi. Kwa filimbi au uimbaji unaweza kurefushwa bila hasara.

Mpangilio wa mwendo haubadilishi kasi ya muziki. Huandika tu kwenye faili kipimo cha mapigo utakachokitaja wewe. Mpigaji ambaye hakufuata metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, na wengi wetu hatuifuati, atakuta noti zake haziangukii kwenye mistari ya mapigo.

Jambo zito zaidi ni mlingano wa sauti. MIDI, iliyoanza kutumika mwaka 1983, ina namba 128 za noti, na katika matumizi ya kawaida namba 69 ni La ya hezi 440, huku kila namba ikipanda kwa nusu toni moja kamili kama kwenye kinanda. Muziki wa Wagogo haukujengwa hivyo. Umefuata sauti za asili zinazozaliwa na sauti moja ya msingi, na ile ya saba kati ya hizo iko chini ya noti ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Basic Pitch huisogeza hadi kwenye noti iliyo karibu, lakini, na hili ndilo lililonifanya niithamini, inaweza kuandika pia mpindo wa kimo, yaani agizo la kuipandisha au kuishusha noti kidogo, hivyo tofauti ile haifutiki yote. Tatizo ni kwamba mpindo wa kawaida wa MIDI huvuta kwa pamoja noti zote za chaneli moja, yaani njia moja ya kupitishia maagizo: sauti mbili zinapolia kwa wakati mmoja, kuirekebisha moja huipotosha ya pili, mpaka uzitenganishe katika chaneli mbili.

Kwa anayetaka kupata haraka mifupa ya wimbo ili aipangie sauti za kwaya au gitaa, naipendekeza bila kusita. Anayetaka kumfundisha mwanafunzi jinsi ilimba inavyolinganishwa ampe rekodi yenyewe.